Hofu ya Jimu Haiponi kwa Kuambiwa "Jikaze"

 

Leo nataka tuongelee jambo ambalo watu wetu huniuliza kwa kunong'ona, tena mara nyingi jikoni wakati wa sherehe, wengine wakiwa sebuleni na muziki. Mtu anakuvuta pembeni: "Dada nesi, hebu nikuulize. Kila nikienda jimu moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka, naona kama nakufa. Nina ugonjwa wa moyo?" Wengine hawafiki hata hapo. Wamejiandikisha uanachama, pesa inakatwa benki kila mwezi, na hawajavuka ule mlango wa kioo zaidi ya mara mbili. Ukiwauliza watakwambia kazi nyingi, hakuna muda. Ukikaa nao vizuri unagundua kwamba muda upo, ila wanaogopa.

Mimi ni muuguzi, nilisomea nyumbani Tanzania na baadaye nikasoma tena huku. Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaonipinga: hofu ya jimu ni suala la afya kama presha ilivyo suala la afya. Ina sababu zake ndani ya mwili na ina namna yake ya kutibiwa. Haiponi kwa kuambiwa "jikaze, mbona wenzio wanaweza". Wala haiponi kwa kuambiwa "achana nayo, mambo ya kizungu hayo, kula ugali wako ulale". Makundi haya mawili ya washauri hugombana sana kwenye sherehe zetu, lakini yote yanamwacha mtu pale pale alipokuwa.

Kwa nini naling'ang'ania? Kwa sababu wengi wanaoniuliza wameshaambiwa na daktari kwamba sukari inapanda au presha haishuki. Na sisi hatuna nafasi kubwa ya kusubiri. Hapa Uingereza, kwa mzungu hatari ya kisukari cha aina ya pili huanza kuhesabiwa akipita miaka 40. Kwetu sisi Waafrika weusi, pamoja na wenzetu wenye asili ya Asia ya Kusini, huhesabiwa kuanzia miaka 25. Hata kipimo cha uzito wetu ni kikali zaidi. Ule uwiano wa uzito na urefu ambao kwa mzungu unaitwa mzito ukifika 25, kwetu tahadhari inaanza kwenye 23. Kwa hiyo kijana wa miaka 30 anayebeba maboksi usiku na kushindia chipsi na soda asijione bado mdogo.

Halafu wahudumu wa afya nao wana lao. Mgonjwa anaambiwa "fanya mazoezi" katika sekunde kumi za mwisho, mkono wa daktari ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Ni nadra kusikia mtu akiulizwa, "Je, kuna kitu kinachokuzuia?" Lingeulizwa swali hilo, nusu ya ninayoyaandika hapa yasingekuwa na haja.

Sasa tuangalie mwili wenyewe. Ukiogopa, ubongo huziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini. Moyo unadunda kwa kasi, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, tumbo linasokota, damu inakimbilia kwenye misuli. Chukua mtu mwingine asiye na hofu yoyote, mpandishe kwenye mashine ya kukimbilia kwa dakika 10. Moyo unadunda kwa kasi, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka. Mnaona? Karibu kila dalili ni ile ile. Mwili hautofautishi sana kati ya kumkimbia simba na kuikimbia presha.

(Kwa taarifa yenu, babu wa mashine ile ya kukimbilia alibuniwa na mhandisi wa hapa hapa Uingereza, William Cubitt, mwaka 1818, kwa ajili ya wafungwa. Walikanyaga ngazi zisizokwisha kwa saa nyingi kila siku. Kwa hiyo ukiiona kama adhabu, hujakosea sana.)

Tatizo linaanza kwa mtu ambaye amewahi kushikwa na hofu ya ghafla mahali pengine, kwenye basi, kwenye foleni dukani au kitandani usiku wa manane. Ubongo wake umeshajifunza kwamba moyo ukidunda hivi, kuna hatari. Akipanda mashine, moyo unadunda kwa sababu ya mazoezi tu, lakini yeye anausikiliza. Anaogopa, adrenalini inaongezeka, unadunda zaidi, anaogopa zaidi. Anaanza kupumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, vidole na midomo vinaingia ganzi na kuchomachoma, kichwa kinakuwa chepesi. Hapo anabonyeza kitufe chekundu, anaruka chini na kusimama wima.

Na kule kusimama ndiko kunakommaliza. Ukikimbia, misuli ya miguu husaidia kuusukuma ule mzigo wa damu kurudi juu kwenye moyo. Ukisimama ghafla, damu inabaki miguuni, presha inashuka, na kizunguzungu unachokiogopa kinakuja kweli. Mtu anatoka pale akiapa kwamba aliponea chupuchupu, na kesho yake harudi. Ndiyo maana nasisitiza sana kumaliza kwa kutembea polepole dakika 5. Usiuone utaratibu huo kuwa ni wa wazungu wenye muda wa kupoteza, unaizuia damu isikuchezee.

Shambulio la hofu la namna hii huwa kali mno kwa dakika chache, na kwa kawaida hupita ndani ya dakika 5 mpaka 20 hata usipofanya lolote. Linatisha sana, lakini lenyewe haliui.

Lakini ngoja, kabla hujapumua. Kuna mambo ambayo SI wasiwasi, na sitaki mtu asome makala hii halafu ajidanganye. Maumivu au mbano kifuani unaosambaa kwenda mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, unaokuja na jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi kukatika, hayo piga simu ya dharura mara moja, 999 hapa Uingereza au 911 kwa mlioko Marekani. Usisubiri dakika 20 uone kama yatapita. Usiogope kuwasumbua wahudumu, na usiogope kwamba watasema ni hofu tu. Bora waje wakute hofu. Ukizimia katikati ya mazoezi, au kwenu kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, muone daktari kabla ya kurudi jimu. Na dada zangu, msikubali kuambiwa haraka haraka kwamba ni mawazo tu. Moyo kwenda mbio kunaweza kuwa upungufu wa damu, hasa kwa wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi, au kunaweza kuwa ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Vipimo vya damu vya kawaida vinayaonyesha yote mawili.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama gliclazide ana jambo la ziada. Sukari ikishuka, mwili hutetemeka, hutoka jasho na moyo kwenda mbio, sawasawa kabisa na hofu! Usikae unapumua polepole ukingoja ipite. Pima. Ikiwa chini ya 4 kwa kipimo cha hapa, kunywa juisi au soda yenye sukari ya kweli, siyo ile ya dayati, kisha pima tena baada ya dakika 10 mpaka 15. Kibegi chako cha jimu kiwe na kipimo na kitu kitamu kila siku, hasa kama unakwenda moja kwa moja kutoka zamuni hujala.

Na wanaotumia dawa kama bisoprolol, atenolol au propranolol, msibabaishwe na namba za mapigo ya moyo zinazowaka kwenye mashine. Dawa hizo huyazuia mapigo yasipande, kwa hiyo ile hesabu ya kutoa umri wako kwenye 220 haikuhusu. Tumia kipimo cha mdomo: kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, kasi hiyo inatosha.

Haya, tumeondoa magonjwa. Turudi kwenye hofu yenyewe, maana wengine mioyo yao ni mizima kabisa na bado hawawezi kuvuka ule mlango. Nadhani kuna kitu kuhusu malezi yetu ambacho hakisemwi.

Sisi hatukufundishwa mazoezi ya upweke. Wengi tuliosoma Tanzania tulikimbia mchakamchaka asubuhi na mapema kabla ya kuingia darasani. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine mnaitikia, miguu inakanyaga kwa pamoja. Mnene alikuwemo, mwembamba alikuwemo, na aliyechoka alibaki nyuma anajikokota huku anaitikia wimbo. Mpaka leo ukiamka mapema wikiendi pale Dar es Salaam utakutana na vikundi vya joging vikipita mitaani vinaimba. Sasa mtu huyo huyo mlete huku, muingize kwenye ukumbi wenye vioo ukutani, kila mmoja kaziba masikio na muziki wake, hakuna salamu, hakuna anayecheka. Kwa mtu aliyelelewa kwamba ukiingia mahali unabisha hodi na kusalimia, kimya kile kinamwambia kwamba amekosea njia. Ukijumlisha na chumba cha kubadilishia nguo ambako mama wa kizungu wa umri wa shangazi yako anapita kama alivyozaliwa na kukuuliza habari za hali ya hewa, mwili lazima ushtuke!

Kuhusu macho ya watu, kuna utafiti nilioupenda. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walichapisha majaribio ambayo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki waliyemuonea aibu, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya watu waliiona picha ile. Waliulizwa wale watu, na walioiona walikuwa kama robo tu. Nusu ya macho uliyodhani yanakutazama hayapo. Na hapo ni chumba cha watu waliokaa. Jimu watu wengi wanajitazama wenyewe kwenye kioo.

Ila sisemi kwamba macho yote ni ya kubuni. Dada mwenye hijabu anatazamwa. Mama mnene anatazamwa. Mwaka 2015 shirika la michezo la Sport England lilianzisha kampeni ya This Girl Can kwa sababu hiyo hiyo, kwamba woga wa kuhukumiwa unawazuia wanawake kufanya mazoezi, na hao wengi wao ni wazungu waliozaliwa hapa hapa. Kwa hiyo ukijisikia hivyo, usijione mshamba. Kumbi nyingi za halmashauri zina saa za wanawake peke yao, jimu na bwawa pia, ila hazitangazwi kwa kelele. Inabidi uulize mapokezi. Mlioko Oman na Ghuba mmetuzidi katika hili, kumbi za wanawake tupu ni jambo la kawaida huko.

Kaka zangu nao wasijifiche nyuma ya dada zao. Hofu ya mwanamume huvaa nguo nyingine. Anaona aibu kushika vyuma vidogo mbele ya vijana wenye vifua, anashika vikubwa, anaumia bega, anasema jimu ni balaa. Au kabla ya kuingia anakunywa unga ule wa kuongeza nguvu na kopo la kinywaji cha kuchangamsha, vyote vimejaa kafeini, kisha anashangaa moyo kupiga ngoma. Kafeini peke yake inatosha kumtetemesha mtu mwenye wasiwasi. Kuanzia saa 5 au 6 kabla ya mazoezi, kunywa maji tu kwa wiki mbili uone tofauti.

Wapo pia wenzetu waliopitia vita, kutoka Kongo, Burundi na kwingineko. Kwao kishindo cha chuma kuangushwa sakafuni hakisikiki kama chuma. Moyo kwenda mbio kunamkumbusha siku aliyokimbia kweli. Huyu usimpeleke jimu yenye kelele ukidhani atazoea. Anahitaji kwanza mtaalamu wa majeraha ya moyo na akili, na wakati huohuo kutembea kwenye bustani na mtu anayemwamini ni mazoezi halali kabisa.

Sasa wale wa kundi la "tembea tu, jimu ya nini?" Nakubaliana nao nusu. Kutembea kwa haraka ni dawa nzuri, na lengo la dakika 150 kwa wiki linaweza kutimizwa bila kulipa hata senti. Lakini kuna mwezi Desemba, giza linaingia saa 10 jioni, barabara ina barafu, na wewe goti linauma. Tena mwongozo unataka misuli itiwe nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na kutembea peke yake hakutoshi kwa hilo. Halafu kubwa zaidi: ukiacha jimu kwa kupenda bustani, sawa. Ukiacha kwa sababu unaogopa, hofu haibaki jimu. Itakufuata kwenye treni, itakufuata kwenye lifti. Nimewaona watu ambao dunia yao imepungua hivyo hivyo, mlango mmoja baada ya mwingine.

Dawa yake hutolewa kwa dozi, na dozi ya kwanza ni ndogo sana. Nenda saa ambayo hakuna watu, kama saa 4 asubuhi au saa 8 mchana, siyo jioni watu wakitoka kazini, na siyo wiki ya kwanza ya Januari ambayo kila Mwingereza amekula kiapo. Vaa nguo za mazoezi kutoka nyumbani ili usihangaike na kile chumba. Mwambie wa mapokezi kwamba ni mara yako ya kwanza na unataka kuelekezwa mashine; huduma hiyo ipo sehemu nyingi na mara nyingi ni bure. Anza na baiskeli ya kukaa, kwa sababu ukipata kizunguzungu tayari umekaa. Dakika 10, kasi ya kuongea. Basi.

Hofu ikija, na itakuja, usiondoke ikiwa kileleni. Hili ndilo ningependa mlishike kuliko mengine yote. Ukitoka mbio wakati imepanda, ubongo unaandika kwamba kilichokuokoa ni kutoka, na kesho utataka kutoka mapema zaidi. Punguza kasi lakini baki. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko unayoivuta, kama unayepuliza chai ya moto. Jiambie kwa Kiswahili, kwa sauti ya ndani, "Huu ni moyo unafanya kazi yake." Ikishashuka, hata nusu, maliza na uondoke kwa kutembea. Siku ya pili itapanda tena, mara nyingi kidogo kuliko jana. Kwa aliyekwisha kupimwa na kuambiwa moyo ni mzima, kuna zoezi la nyumbani: panda na kushuka ngazi dakika moja mpaka moyo udunde, kisha kaa na uutazame ukishuka wenyewe bila kuufanyia chochote. Rudia mara kadhaa kwa wiki. Ubongo unasomeshwa upya hivyo.

Ukiona wiki zinapita na hali ni ile ile, au hofu imeanza kukuzuia kwenda kazini, usiendelee kupambana peke yako. Hapa England kuna NHS Talking Therapies, ni bure, unaweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari, na unaweza kuomba mkalimani. Wengi wetu tunaogopa kuandikwa chizi. Kinachofanyika huko ni mazungumzo na mafunzo ya kuikabili hofu hatua kwa hatua, kama haya niliyoeleza lakini na mtu anayekufuatilia. Mwenye presha au sukari amuulize pia daktari wake kuhusu kuandikiwa mazoezi. Maeneo mengi yana mpango wa kumpeleka mgonjwa jimu kwa bei nafuu akiwa na mwalimu anayejua hali yake. Ukiona aibu kulisema, andika kwenye karatasi sentensi moja: nikifanya mazoezi nashikwa na hofu, naomba msaada. Mpe karatasi. Nimeona ikifanya kazi kuliko maelezo marefu.

Na wewe unayemsindikiza ndugu au rafiki, acha kumhimiza kwa kelele kama kocha wa ndondi. Panda baiskeli ya jirani yake, kasi yako iwe yake, mzungumzeni habari za nyumbani. Akisema "nimeanza kuhisi", usimshike mapigo ya moyo wala usimkimbizie maji. Mwambie, "Nipo, tupunguze kidogo," kisha endelea na ile hadithi uliyokuwa unamsimulia.